Dalili ya Mvua si Mawingu Pekee: Upepo na Joto la Bahari Yetu

Katika miaka miwili iliyofuatana, wakazi wa Goba na wenzao wa Dar es Salaam nzima walipata mafunzo mawili yanayopingana. Mwezi Oktoba 2022 mgao wa maji ulitangazwa jijini kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua mno, na mvua za vuli zilizotazamiwa kuunusuru zikaja haba. Mwaka mmoja baadaye, katika vuli ya 2023, mvua zilinyesha kwa wingi hata mito ya jiji ikafurika na barabara kadha wa kadha zikakatika. Jua lilikuwa lile lile. Bara lilikuwa lile lile. Bahari ya Hindi nayo haikuhama. Ni kitu gani, basi, kilichobadilika?

Jibu la sayansi ni fupi, nalo lastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa shule ya sekondari. Kilichobadilika kwanza ni upepo. Si upepo unaotikisa minazi na miembe ya Goba, bali ule uvumao juu ya Bahari ya Hindi karibu na ikweta. Upepo huo uliligawa upya joto la bahari, na joto la bahari likaigawa upya mvua.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Nasema kwamba somo la pepo za msimu, kama linavyofundishwa katika madarasa yetu mengi, ni nusu ya somo. Na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo hasa inayomhusu mwananchi anayelima, anayevua, anayejenga nyumba bondeni, au anayesubiri maji ya bomba.

Nusu ya somo

Tutazame jinsi tunavyofundisha. Mwanafunzi huambiwa kwamba bara hupata joto upesi na kupoa upesi, ilhali bahari hupata joto polepole na kupoa polepole. Tofauti hiyo ya joto huzaa tofauti ya kanieneo ya hewa, na hewa hutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo. Kisha hupewa ramani mbili zenye mishale, moja ya Januari na nyingine ya Julai. Huzikariri, hufanya mtihani, hufaulu.

Hayo yote ni kweli. Lakini katika somo hilo bahari imekaa kimya kama sufuria juu ya jiko: hupata joto kutoka kwa jua, hutoa mvuke, basi. Mwanafunzi hufahamu kwamba joto huleta upepo. Hafundishwi kwamba upepo nao huamua mahali bahari itakapokuwa ya joto na mahali itakapokuwa ya baridi. Akiulizwa kwa nini vuli ya mwaka huu haifanani na vuli ya mwaka jana, hana la kujibu, maana mishale ya ramani yake ni ile ile kila mwaka.

Jambo hili lasikitisha zaidi kwetu sisi kuliko kwa wengine, kwa kuwa pwani yetu imeishi kwa pepo hizi tangu kale. Neno lenyewe "msimu" tulilipata kutokana na neno la Kiarabu, mausim. Na ni kutokana na neno hilo hilo Wazungu walipata jina lao la pepo hizi. Mabaharia wa Uajemi, Omani na Uswahilini walijua kaskazi huanza lini na kusi hushika lini, na Ahmad ibn Majid aliandika habari za majira ya safari katika karne ya 15. Watu waliojenga ustaarabu wao juu ya upepo hawapaswi kuujua upepo kwa mishale ya kukariri.

Njia nne za upepo

Upepo huligeuza joto la uso wa bahari kwa njia nne. Njia hizo si ngumu, na kila moja yaweza kuelezwa kwa fizikia ya kidato cha pili au cha tatu.

Ya kwanza ni kukausha. Nguo iliyoanikwa hukauka upesi penye upepo, maana upepo huondoa hewa yenye unyevu na kuleta hewa kavu. Baharini ni vivyo hivyo, na maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa maji yaliyobaki. Kilo moja ya maji huchukua takriban jouli milioni 2.4. Tuchukue, basi, eneo la mita moja ya mraba ya bahari. Upepo ukikausha milimita 5 za maji kwa siku, hizo ni kilo 5, na joto lililopotea ni jouli milioni 12. Ikiwa tabaka la juu lililochanganyika vema lina kina cha mita 50, uzito wake ni kilo 51,000 hivi, na ili lipoe kwa digrii moja ya Sentigredi hulazimika kupoteza jouli zipatazo milioni 205. Kwa hiyo, kama jua lisingerudisha chochote, siku 17 zingetosha kuipoza bahari hiyo kwa digrii moja. Kama tabaka hilo lingekuwa na kina cha mita 20 tu, siku 7 zingetosha. Kwa hakika jua hurudisha joto kila siku. Lakini hesabu hii yaonyesha kwamba upepo si mgeni mdogo katika mizania hiyo.

Ya pili ni kuchanganya. Jua huchoma maji ya juu tu. Chini kuna maji baridi. Upepo mkali huyakoroga maji kama mtu akorogavyo uji, na joto lililokuwa juu hugawanywa kwa maji mengi zaidi. Upepo ukilegea, joto hubaki juu na uso wa bahari huchemka upesi. Ndiyo maana maji ya pwani ya Dar es Salaam huwa na joto kubwa kabisa mnamo Machi na Aprili, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika, ambapo hufikia digrii 29 au 30. Mnamo Agosti na Septemba, baada ya miezi ya kusi kali, hushuka hadi digrii 25 au 26.

Ya tatu ni kuinua au kuzamisha maji. Upepo usugao uso wa bahari huyasukuma maji, na upepo ukiongeza mwendo wake mara mbili, msukumo huo huongezeka mara nne. Hata hivyo, kwa sababu dunia inazunguka, maji hayafuati mwelekeo wa upepo barabara. Mnorwe Fridtjof Nansen, katika safari ya meli yake Fram ya mwaka 1893 hadi 1896, aliona kwamba mabarafu ya kaskazini ya dunia yalikwenda upande wa kulia wa upepo. Msweden Vagn Walfrid Ekman alitoa hesabu zake mwaka 1905: kwa jumla, maji ya tabaka la juu huenda pembemraba na upepo, kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia, na kushoto katika nusu ya kusini. Maji ya juu yakiondolewa pwani, maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Yakirundikwa pwani, maji ya joto huzama na kulisukuma chini tabaka la baridi.

Ya nne ni kuchukua. Upepo huendesha mikondo, nayo mikondo hubeba maji ya joto au ya baridi kutoka bahari moja hadi nyingine.

Upepo mmoja, pwani mbili

Mwalimu anayetafuta mfano bora wa mambo haya hana haja ya kwenda Peru wala California. Mfano uko mlangoni petu, nao ni upepo wa kusi.

Kusi hutoka kusini-mashariki na kuelekea kaskazini-magharibi katika pwani ya Tanzania. Sisi tuko kusini ya ikweta; basi maji ya juu husukumwa kushoto kwa upepo, yaani kuelekea pwani. Maji hurundikana, na maji baridi ya chini hayapati nafasi ya kupanda. Wakati wa kusi bahari yetu hupoa kwa sababu ya kukauka, kukorogwa, mikondo na jua dhaifu la majira hayo, wala si kwa sababu ya maji ya vilindini.

Upepo huo huo ukivuka ikweta hugeuka. Hupinda kulia na kuwa upepo wa kusini-magharibi ukiifuata pwani ya Somalia kwa kasi kubwa. J. Findlater aliueleza mkondo huo wa hewa katika maandiko ya mwaka 1969: jinsi unavyopita mashariki ya Kenya, kimo cha kilometa moja na nusu hivi juu ya bahari, ukielekea Bara Hindi. Huko Somalia maji husukumwa kulia kwa upepo, yaani mbali na pwani. Na mahali pake hupanda maji baridi mno. Karibu na Ras Hafun, mwezi Julai, kipimo chaweza kushuka chini ya digrii 20, katika pwani ambayo bara lake ni jangwa la joto kali.

Tafakari maana yake, ndugu mwanafunzi. Upepo mmoja, katika miezi ile ile, hurundika maji pwani ya Dar es Salaam na kuyaondoa pwani ya Somalia, kwa sababu tu ameuvuka mstari ambao hakuna aliyeuchora baharini. Aliyeelewa jambo hili amelielewa somo; aliyekariri mishale hajalielewa.

Elimu hii si ngeni kwetu. Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar, na mwaka 1957 B. S. Newell alichapisha taarifa kuhusu maji ya pwani hizi. Tunajua kutokana na kazi za namna hiyo kwamba mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima katika pwani ya Tanzania, huenda kasi wakati wa kusi na hupungua wakati wa kaskazi, upepo unapoupinga. Tangu 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko huko Unguja. Elimu ipo; kilichopungua ni daraja la kuifikisha darasani.

Kutoka Sumatra hadi Goba

Sasa tufike kwenye vuli. Katika mwaka wa kawaida, pepo za juu ya ikweta katika Bahari ya Hindi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki baina ya misimu mikubwa, hasa Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Huendesha mkondo wa kasi, ambao Klaus Wyrtki aliueleza mwaka 1973, na mkondo huo huchukua maji ya joto na kuyarundika upande wa Indonesia. Huko hewa hupanda, mawingu hujengeka, mvua hunyesha. Upande wetu hewa hushuka, na vuli huwa ya kiasi.

Miaka mingine mambo hugeuka. Kuanzia Mei au Juni, pepo za kusini-mashariki huzidi nguvu katika pwani za Sumatra na Java. Huko nako ni kusini ya ikweta, lakini pwani inakabili upande mwingine. Basi maji yasukumwayo kushoto huondoka pwani, na maji baridi hupanda. Bahari ya mashariki inapopoa, hewa haipandi tena huko kwa wingi. Kanieneo huongezeka, na pepo za kutoka mashariki hushika ikweta. Pepo hizo huzuia mkondo wa Wyrtki na kuyaacha maji ya joto upande wa Afrika. Tena huanzisha mawimbi marefu ya chini kwa chini, yasiyoonekana kwa macho, ambayo huchukua miezi kuvuka bahari yakielekea magharibi, na yanapopita hulizamisha tabaka la baridi na kuongeza kina cha maji ya joto. Kufikia Septemba hadi Novemba, bahari iliyo mbele ya Afrika Mashariki imepata joto kupita kawaida, mvuke ni mwingi, hewa yapanda, na vuli hufurika.

Wanasayansi wanne, N. H. Saji, B. N. Goswami, P. N. Vinayachandran na Toshio Yamagata, waliieleza hali hii mwaka 1999, na kuifananisha na kitu chenye ncha mbili: joto ncha moja, baridi ncha ya pili. Kundi la P. J. Webster lilichapisha uchunguzi wake mwaka huo huo. Kipimo chake ni rahisi: hutolewa tofauti ya joto baina ya bahari ya magharibi na ile ya kusini-mashariki, karibu na Sumatra. Magharibi ikizidi kuwa na joto kuliko kawaida, hali huitwa chanya; mashariki ikizidi, huitwa hasi.

Mtu aweza kuuliza: je, ni upepo uliotangulia au ni joto? Kwa kweli kila kimoja humsukuma mwenziwe. Upepo huipoza bahari ya mashariki, na bahari iliyopoa huuongezea upepo nguvu, hata msimu ubadilike mwishoni mwa mwaka na kuukata mzunguko huo. Jacob Bjerknes alieleza uhusiano wa namna hiyo katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1969. Kwa hiyo hatusemi kwamba nusu ya kwanza ya somo ifutwe. Twasema duara likamilishwe.

Baina ya Sumatra na Goba pana zaidi ya kilometa 6,000 za maji. Lakini upepo uvumao huko mwezi Julai huweza kuamua kama mtaro wa nyuma ya nyumba ya mtu wa Goba utatosha mwezi Novemba.

Si kila gharika ni El Niño

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mvua ikizidi huitwa El Niño. Jina hilo liliingia katika lugha yetu na mvua za 1997 na 1998, nalo limekaa. Lakini El Niño ni jambo la Bahari ya Pasifiki, na kumbukumbu zetu zaonyesha kwamba halitoshi peke yake kueleza vuli yetu.

Vuli ya 1961, ile ya mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, ilikuwa ya mvua nyingi ajabu; kati ya mwishoni mwa mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka huo haukuwa na El Niño; Bahari ya Hindi ilikuwa katika hali chanya. Mwaka 1997 mambo yote mawili yalikutana, El Niño kali na hali chanya kali, na matokeo yake tunayakumbuka. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu iliyokaribia ile ya 1997, lakini Bahari ya Hindi haikugawanyika kwa kiasi kile, na vuli haikufikia ya 1997. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Niño ya maana, lakini hali chanya ya Bahari ya Hindi ilikuwa mojawapo ya kali kabisa zilizowahi kupimwa. Mvua zikafurika, na mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria likavuka kidogo kimo cha 1964. Mwaka 2022 hali ilikuwa hasi, pepo za magharibi zikayapeleka maji ya joto Indonesia, na sisi tukapata mgao wa maji. Mwaka 2023 hali chanya ilirudi pamoja na El Niño. Na tarehe 3 Desemba, mkoani Manyara, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliangukia Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Hapa ndipo elimu inapokuwa suala la uhai. Mwananchi asikilizaye habari za Pasifiki tu, akiambiwa kwamba El Niño haipo, atadhani yu salama. Na hivyo sivyo ilivyokuwa 1961 wala 2019. Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema kwamba mvua za vuli zilitarajiwa kuwa juu ya wastani katika maeneo mengi yapatayo vuli. Utabiri wa namna hiyo hautoki hewani. Hutokana na kupima upepo na joto la bahari kwa satelaiti, kwa maboya yaliyotiwa nanga, na kwa vyombo karibu 4,000 vielevavyo katika bahari za dunia, ambavyo huzama na kuibuka vikipima joto na chumvi. Lakini utabiri hufaa tu ukiwafikia watu wanaoelewa msingi wake. Asiyeelewa huuona kama ramli, na ramli mtu huiamini apendapo.

Wala jambo hili si la mvua tu. Mwanzoni mwa 1998, maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia na Unguja yalipauka, na mengi yakafa. Mvuvi na mkulima wa mwani nao huishi kwa joto la bahari.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya chuo kikuu, na kwamba mihtasari imekwisha jaa. Siafiki. Tayari tunafundisha uvukizaji, uwezo wa maji kuhifadhi joto, kanieneo na mzunguko wa dunia, kila kimoja katika chumba chake. Linalotakiwa si mada mpya, bali kuviunganisha vyumba hivyo.

Wapo pia watakaoonya kwamba utabiri hukosea. Ni kweli, na ni lazima tuwaambie wanafunzi wetu hivyo. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hazitawaliwi sana na hali hii, nazo ni ngumu zaidi kutabiri miezi kadhaa mbele. Hata vuli huathiriwa na mambo mengine, na wingu moja laweza kuinyeshea Goba na kuiacha Temeke kavu. Vilevile bahari yenyewe inabadilika: Bahari ya Hindi ya tropiki imepata joto kwa takriban digrii moja tangu miaka ya 1950, kwa sababu ya gesi zitokanazo na shughuli za binadamu, na upepo hufanya kazi yake juu ya bahari hiyo yenye joto zaidi. Kufundisha mipaka ya utabiri ni sehemu ya kufundisha sayansi. Mtu aliyefundishwa kwamba "juu ya wastani" ni uwezekano uliozidi, si ahadi, hatauacha utabiri wote siku utakapokosea mara moja.

Yafaayo kufanywa

Shule ya Goba, au ya kata yoyote ya pembezoni mwa jiji, haina boya baharini. Lakini yaweza kufanya mambo manne kwa gharama ndogo.

Kwanza, mwalimu achukue mabeseni mawili yenye maji sawa na ya joto sawa, moja alipepee kwa feni au kwa ubao, jingine aliache, na wanafunzi wasome vipimajoto kila baada ya dakika tano. Kisha wafanye hesabu niliyoionyesha hapo juu.

Pili, achukue chombo kirefu chenye kuta za kioo au plastiki angavu, atie maji baridi yenye rangi, kisha juu yake amimine polepole maji ya moto yasiyo na rangi. Apulize kwa feni kutoka ncha moja. Maji ya moto yatarundikana ncha ya pili, na rangi itapanda karibu na feni. Feni ikihamishwa, mambo yatageuka. Hiyo ndiyo Bahari ya Hindi mezani.

Tatu, shule iwe na kipimamvua, hata kama ni chupa iliyokatwa na kupimwa kwa rula, na kitambaa juu ya mlingoti cha kuonyesha upepo. Wanafunzi waandike kila siku, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na daftari lirithiwe na kila kidato. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na hazina ya kulinganisha na hali ya bahari kama inavyotangazwa.

Nne, wanafunzi wapelekwe Kunduchi, ambako si mbali, wakawaulize wavuvi wazee habari za kusi na kaskazi, za tanga mbili na maleleji, na jinsi maji yanavyobadilika. Wasiende kusikiliza hadithi. Waende na maswali, waandike majibu, wayapime kwa fizikia waliyosoma. Wazee hao waliyaona mambo haya kabla ya satelaiti, nasi tunayo maneno ya kuyataja bila kukopa.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli kwa mtu anayetaka kuanua nguo. Lakini mtu anayetaka kuzibua mtaro, kuhama bondeni, kuhifadhi maji ya akiba au kuamua siku ya kupanda, anahitaji dalili iliyo mbali zaidi ya mawingu; na dalili hiyo ni upepo juu ya bahari, miezi miwili au mitatu kabla. Ndugu walimu, utabiri wa vuli hutolewa kila mwaka kabla ya mvua kuanza. Utakapotolewa tena, usomeni darasani pamoja na wanafunzi wenu, mstari kwa mstari, na mwulize kila mmoja wao: je, upepo wa Sumatra unavumaje?